Kungoja zamu: miaka ishirini na ushei ya sketibodi jijini Dar

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Mwaka 2004 nilimfuata bibi yangu Magomeni nikamwomba anichangie fedha za kununua sketi. Alinyamaza kwa muda, akaweka kando ungo aliokuwa akipepetea mchele, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo lolote ninalotaka kumweleza yeye kabla halijamfikia baba. Tangu siku ile nimejizoeza kulitamka neno zima, sketibodi, yaani ubao wa magurudumu wa kupanda kwa kusimama, na ndivyo nitakavyoliandika katika uzi huu, ingawa vijana wa sasa wanalikata wapendavyo na hakuna bibi anayeshtuka tena.

Ninaandika kwa sababu ya Jumapili moja ya mwezi uliopita. Nilifika katikati ya mji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari ya waumini hayajaanza kutafuta maegesho, nikawakuta vijana kumi na mmoja wakiwa na sketibodi kumi na moja. Kwa mtu aliyeanza wakati tulipokuwa tisa kwa ubao mmoja, hiyo ilipaswa kuwa sikukuu. Badala yake nilirudi nyumbani na uzito moyoni, na ilinichukua siku kadhaa kujua chanzo chake. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekaa ukingoni. Kila mmoja alikuwa juu ya ubao wake, ameziba masikio kwa muziki, akijifunza peke yake hatua kumi kutoka kwa mwenzake, na aliyeanguka aliinuka bila kuzomewa wala kushangiliwa.

Hoja yangu ni kwamba jumuiya ya sketibodi ya jiji hili ilijengwa na watu waliokuwa wamekaa wakingoja zamu, na kwamba sasa, kila mtu akiwa na ubao wake, sijui tena inajengewa wapi. Najua hoja hii ina matundu. Naomba mnivumilie niieleze kwanza, kisha mtaitoboa.

Watoto wa mitaa yetu tulikuwa na gari la beringi muda mrefu kabla hatujaiona sketibodi. Lilikuwa kipande cha ubao wa kreti, beringi chakavu tulizoomba kwa fundi magari, na misumari. Mmoja anakaa, mwingine anasukuma, na kelele za chuma juu ya lami zinasikika mitaa miwili mbele. Nilipokuja kusoma kwamba watoto wa California katika miaka ya 1950 walikuwa wakipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea chini ya vipande vya mbao, na kwamba huko ndiko mchezo huu ulikotokea, sikushangaa hata kidogo. Wao walikuwa na viatu vibovu vingi, nasi tulikuwa na Leyland mbovu nyingi. Kilichotutenganisha nao ni gurudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, ambayo hushika lami na kumeza kokoto ndogo, ilhali gurudumu la chuma au la udongo hukwama kwenye kijiwe chenye ukubwa wa punje ya mahindi na kumrusha mpandaji mbele. Alama ya jambo hilo ninayo kidevuni, na niliipata kwenye gari la beringi, si kwenye sketibodi.

Mchezo wenyewe tuliuona kwanza katika banda la gemu la Sinza, ambako mchezo wa video wenye jina la Tony Hawk, mpanda sketibodi wa Marekani, uliotoka mwaka 1999, ulichezwa kwa kulipia dakika. Mwaka huohuo Hawk mwenyewe alifanikiwa kuzunguka hewani mara mbili na nusu mbele ya umati, lakini sisi habari hizo hatukuwa nazo. Tulidhani mambo yale yamebuniwa kama katuni.

Kisha mjomba wa mmoja wetu, ambaye alikuwa baharia, akaja na ubao wa kweli alioununua Durban. Tulikuwa wavulana tisa. Mwenye ubao, ambaye angeweza kutunyima wote, aliweka sheria ambayo mpaka leo naiona kuwa ya busara kuliko sheria nyingi nilizozikuta kazini: kila mtu ana majaribio matatu, na la tatu likiisha, umesimama au umeanguka, unampisha mwenzako na kwenda kukaa mwisho wa foleni. Kwa hesabu ya kawaida, katika asubuhi ya saa tatu, mtu alikuwa juu ya ubao kwa dakika ishirini. Muda uliobaki alikuwa ukingoni.

Na ukingoni palikuwa na kazi. Mmoja aliangalia kama mlinzi anakuja. Mwingine alishika viatu vya waliovua, kwa kuwa jozi nzuri ilivaliwa na watu wawili wenye miguu ya saizi moja. Aliyekuwa na spana alikaza nati kila baada ya raundi chache. Lakini kazi kubwa ilikuwa kuangalia miguu. Oli, yaani ule mruko ambao ubao unapanda na mtu bila kushikwa kwa mkono, ambao Alan Gelfand aliuanzisha Florida mwishoni mwa miaka ya 1970 na Rodney Mullen akauleta kwenye ardhi tambarare miaka michache baadaye, haueleweki kwa aliye juu ya ubao. Yeye anahisi tu kwamba amepiga mkia na hakuna kilichotokea. Aliyekaa pembeni ndiye anayeona kwamba mguu wa nyuma ulipiga vizuri na pua ikanyanyuka, ila mguu wa mbele ulibaki umesimama kama mgeni mlangoni badala ya kujikwaruza juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao kuelekea mbele, na ndiyo maana mkia haukufuata. Mimi nilijifunza oli kwa macho kwa wiki sita, nikiwasahihisha wenzangu kwa ukali wote, kabla miguu yangu mwenyewe haijaiweza. Nilipoiweza, watu wanane walijua kwa nini nimeiweza, kwa kuwa walikuwa wameniona nikishindwa mara zote zilizotangulia.

Kuhusu mahali, wenyeji mnajua kwamba jiji letu halikusakafiwa kwa ajili ya magurudumu ya milimita 52. Mitaa mingi ya ndani ni mchanga, na iliyopata lami mara nyingi imepata ile ya kokoto zilizochomoza, inayotetemesha mpaka meno. Vitofali vya peving, ambavyo kila jengo jipya linavitandaza kwa fahari, ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu kila kiungo ni kizingiti. Njia za zege za mwendokasi zilipofunguliwa mwaka 2016 tulizitazama kwa tamaa kubwa, na hapo ninasema kwa msisitizo kwamba asijaribu mtu, kwa kuwa basi lile halikwepi. Mteremko wa Mlimani ni mtamu, ila ni wa wanaojua kufunga breki kwa soli. Kwa hiyo tulibaki na katikati ya mji: Posta, Samora hadi karibu na sanamu ya Askari, na vibaraza vya majengo ya zamani yenye sakafu ya tarazo. Tarazo, ndugu zangu, ni neema. Mtu aliyeimwaga na kuisugua miaka ya 1960 hakujua anamwandalia nani.

Tulikuwa tukienda na fagio la chelewa, kwa kuwa upepo wa bahari hauchoki kuleta mchanga, pamoja na mshumaa wa kupaka kwenye kingo ili ekseli ya chuma iliyo chini ya ubao iteleze juu yake. Mishumaa haikuwa tabu kupatikana katika miaka ile ya mgao wa umeme. Walinzi walitufukuza, na safari moja, kwenye jengo ambalo sitalitaja, ubao wetu ulichukuliwa ukakaa siku nne kwenye kibanda cha mlinzi, mpaka baharia mwenyewe alipokwenda kuuomba akiwa amevaa sare. Nilikuwa na kinyongo kwa miaka. Leo, nikiwa na nyumba yangu na sakafu yangu, nakiri kwamba nta ya mshumaa inaacha weusi usiotoka, na kwamba ekseli ya chuma inamega ukingo wa ngazi kipande kwa kipande.

Sasa niseme kuhusu vifaa, maana hapa ndipo Dar inapotofautiana na mahali pengine. Ubao wa kiwandani ni tabaka saba za mti uitwao mepo, unaokua Marekani Kaskazini, zilizogundishwa kwa kupishana nyuzi na kukandamizwa kwenye kalibu mpaka pua na mkia vikapinda. Wetu ulipovunjika mwaka 2006 tulikwenda Keko kwa fundi wa makochi. Alitusikiliza, akaushika ubao uliovunjika, akahesabu tabaka kwa ukucha, kisha akasema kwamba mninga utakuwa mzito na mpaini utapasuka, na kwamba tumletee marine bodi, yaani plaiwudi isiyoogopa maji. Ubao wake wa kwanza ulikuwa bapa kama meza na ulikatika siku ya tatu. Wa pili aliuchana tabaka, akazipanga upya ili nyingi zaidi zielekee urefu wa ubao, akazipaka gundi na kuzibana kati ya magogo mawili aliyoyachonga, akitumia jeki ya gari kwa usiku mzima. Huo ulidumu miezi mitano. Hakutaka malipo ya ule wa kwanza, akisema kwamba ule ulikuwa wa kujifunzia yeye. Kila nikisikia watu wanauliza utamaduni wa sketibodi wa Tanzania uko wapi, namkumbuka mzee huyu, ambaye hakuwahi kuupanda ubao wowote maishani mwake.

Msasa wa juu tulinunua duka la vifaa vya ujenzi, ule mkali wa kusugulia mbao, tukaubandika kwa gundi ya viatu. Mvua ya masika ikiugusa mara moja, umekwisha. Beringi ndizo zilizotutesa zaidi. Sketibodi hutumia beringi ya namba 608, yenye tundu la milimita 8 na upana wa nje wa milimita 22, na kwa bahati njema namba hiyo hutumika katika mashine nyingi ndogo, kwa hiyo Kariakoo upande wa Gerezani hukosi. Tatizo ni chumvi. Ukiteleza Coco Beach jioni moja na kuuacha ubao bila kuufuta, baada ya siku chache magurudumu yanalia kama mlango wa banda la kuku. Wenzetu wa bara huziosha beringi kwa petroli na kuzitilia mafuta mepesi ya cherehani ili zizunguke haraka. Hapa pwani mimi huacha grisi yake nzito ndani. Utakwenda polepole, lakini utakwenda hadi mwaka ujao.

Mbao nyingi zilianza kuingia kidogo kidogo baadaye, kwanza katika marobota ya mitumba pamoja na midoli, kisha kupitia wageni waliokuja kufanya kazi miaka miwili na kuondoka wakiacha vitu vyao. Mambo mazuri. Nilizipokea kwa mikono miwili na kuzigawa kwa mikono hiyohiyo, kwa hiyo lawama, kama ipo, nami nimo. Tulivyozidi kupata mbao ndivyo foleni ilivyofupika, na siku ambayo haikuhitajika tena hakuna aliyeiona ikiondoka.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kujenga uwanja wa sketibodi. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, Kampala, pamoja na Jack Mubiru, walijimwagia zege lao wenyewe, na mara nyingi uwanja huo hutajwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Nairobi wanao katika kituo cha watoto cha Shangilia. Accra walifungua wao mwaka 2021. Nilikwenda Kampala kwa basi, nikakaa siku tatu, na ninakiri kwamba niliona wivu. Lakini nilichokiona Kitintale zaidi ya zege ni watoto wengi waliokaa juu ya kuta wakingoja, wakipiga kelele kila mwenzao alipotua. Ninautaka uwanja. Ninaogopa tu tusije tukauandaa kana kwamba kinachokosekana ni saruji.

Nimeandika mengi. Karibuni.

Mchangiaji (Tabata):

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na nimefurahi, hasa habari za Keko. Hata hivyo, naona unausifia umaskini kwa kuwa umeshatoka ndani yake. Mimi nilikuwa wa saba katika foleni kama hiyo, si kundi lenu, na ninachokumbuka ni kwamba wakubwa wawili walikuwa na majaribio matatu yasiyokwisha, ilhali mimi nilikuwa mshika viatu. Mwanangu ana ubao wake. Sitamnyang'anya ili ajifunze kushirikiana. Isitoshe, hizo dakika ishirini ulizozitaja ndizo zilizotufanya wengi tubaki na oli moja mpaka tunaota mvi. Kijana wa leo anapata saa tatu kamili, anaangalia video ya mtu wa Brazili au Japani, na baada ya miezi mitatu anafanya kikflipu, ule mruko ambao ubao unajibiringisha hewani chini ya miguu, ambayo mimi naisikia kwenye bomba.

Mleta uzi:

Mkuu wa Tabata, umenishika pabaya. Kuhusu ufundi sina ubishi. Vijana wa sasa wametuacha mbali, na yule mdogo kuliko wote niliyemwona Jumapili ile anateremka ngazi nne kana kwamba ni kizingiti cha choo. Sidai tuwanyang'anye mbao. Ninachotafuta ni namna ya kukipata kilichokuwa ukingoni bila njaa iliyotuweka pale, na ninakiri kwamba sijaipata. Na hao wakubwa wawili wenye majaribio yasiyokwisha, pole sana. Kwetu walikuwapo pia, na nikikumbuka vizuri, kufikia mwaka 2008 mmoja wao nilikuwa mimi.

Mchangiaji (Mbezi Beach):

Salamu kwako kaka, na kwa wote.

Nimesoma sentensi yako isemayo "tulikuwa wavulana tisa" nikangoja uirudie kuieleza, hukuirudia. Basi niieleze mimi. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuja pale mjini Jumapili saba mfululizo nikakaa kwenye ukingo huohuo unaousifu. Nililetewa mabegi nishike, nikaagizwa maji, nikaulizwa kama nina kaka hapo. Zamu haikunifikia. Hakuna aliyenikataza, foleni ilikuwa inapinda tu ikifika nilipokaa. Kwa hiyo unapoandika kwamba ukingo ulijenga jumuiya, nakubaliana nawe kwa sababu nilijifunza oli kwa macho kama wewe, ila mimi sikuwa na pa kuitumia mpaka nilipopata kazi na kununua ubao wangu mwenyewe. Wingi wa mbao unaokusikitisha ndio ulionifungulia mlango.

Mwezi wa saba mwaka 2021, michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa ilipochezwa na sketibodi ikawamo kwa mara ya kwanza, nililala nikiwa nimeiegemeza simu kwenye glasi. Wasichana watatu waliosimama jukwaani katika mashindano ya wanawake ya aina iitwayo ya mtaani, yenye ngazi na kingo, walikuwa Momiji Nishiya wa Japani, miaka 13, Rayssa Leal wa Brazili, miaka 13, na Funa Nakayama wa Japani, miaka 16. Nililia, na sioni aibu kulisema hilo. Wiki iliyofuata niliwaita wadogo zangu wawili na binti wa jirani. Sasa tuko kumi na wawili, tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa kanisa ambao mchungaji ametuazima, na tunatumia mbao nne. Kila mtu ana majaribio matatu. Sheria yenu nimeichukua, nikaongeza moja, kwamba anayeanza ni aliyefika mara chache kuliko wote.

Mleta uzi:

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Nimejaribu kujitetea kichwani na kila utetezi umeanguka, kwa kuwa ninamkumbuka msichana mwenye kanga ya bluu aliyekuwa akija na kukaa karibu na nguzo, na ninakumbuka kwamba ni mimi niliyempa begi langu alishike. Kama ulikuwa wewe, nisamehe. Kama alikuwa mwingine, basi tulikuwa na wawili.

Nilidhani ukingo ulikuwa wazi kwa kila aliyekaa. Sasa naona kwamba foleni ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwahi kusema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpinga. Hilo linaigusa hoja yangu kwenye mzizi. Halafu unaniambia kwamba foleni niliyokuwa nikiiombolezea iko hai, Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, na imenyooshwa. Ninaomba ruhusa nije siku moja niangalie. Nitashika mabegi.

Mchangiaji (Mbagala):

Wadogo zangu, mimi sijui kuteleza. Nilikuwa mlinzi katika moja ya majengo ya huko mjini kuanzia mwaka 2005, na huenda nilimkimbiza mleta uzi zaidi ya mara moja. Ningependa mjue upande wetu. Ukingo ukimegeka, msimamizi alikuwa akija Jumatatu asubuhi na kuuliza nani alikuwa zamu Jumapili, na mara mbili nilikatwa mshahara. Rungu lilikuwa la maonyesho tu. Kati ya makundi yote yaliyokuja, ninalikumbuka moja lililokuja na fagio, likafagia kibaraza chote, hata upande ambao halikuutumia. Hao niliwaachia mpaka saa mbili. Nilikuwa nikisimama kwenye kona nikiwaangalia, na kwa kweli yule mrefu alikuwa akikunja mguu wa nyuma mapema mno. Nilitamani kumwambia, lakini nilikuwa na sare.

Mleta uzi:

Mzee wangu, shikamoo. Yule mrefu ni mimi, na tatizo lile ninalo mpaka leo.

Kwa miaka ishirini nimesimulia kwamba tulikuwa tisa. Inaonekana tulikuwa kumi, na wa kumi alikuwa amesimama kwenye kona akiwa na rungu la maonyesho. Kwa mshahara uliokatwa sina cha kusema kinachotosha. Ukijaliwa kupita mjini Jumapili yoyote, nitakuwa pale, na safari hii niambie.

Mchangiaji (Kigamboni):

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Nilikuona kaka, ulisimama karibu na mti, umekunja mikono, hukusalimia. Sisi tunaziba masikio kwa sababu wakubwa mkija mnasimama hivyo hivyo, mnaangalia, kisha mnaondoka, na mtu anabaki akijiuliza amekosea wapi. Ungekaa tungevua. Tena ungetwambia kuhusu grisi, maana beringi zangu zimeshika kutu mara ya tatu mwaka huu na nimekuwa nikizitilia mafuta ya kula.

Halafu nina swali. Nimemwona Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini akishindana Tokyo akiwa na miaka 46, na tena Paris mwaka 2024. Wewe una miaka mingapi, na kwa nini siku ile hukuja na ubao?

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu. Nina miaka thelathini na tisa, na sikuja na ubao kwa sababu goti la kushoto lilinitisha na nikaona aibu kuanguka mbele yenu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeandika uzi mrefu kuhusu ukingo uliokuwa mtupu, na mtu pekee aliyepaswa kukaa pale siku ile alikuwa amesimama karibu na mti.

Mafuta ya kula acha leo hii. Yanaganda na kukusanya mchanga. Nunua 608 zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, usizifungue, na kila unapotoka baharini zifute kwa kitambaa kikavu, kisha usiufungie ubao ndani ya begi ukiwa na unyevu. Zikianza kulia, njoo nazo.

Jumapili hii nitafika saa kumi na mbili na robo, na nitakuja na ubao mmoja tu, ule wa Keko wa pili, ambao niliurudishia gundi na unaweza kubeba mtu asiyezidi kilo sitini, kwa hiyo mimi simo. Ni wa atakayeuomba, majaribio matatu. Fagio ninalo. Spana namba 13 ya nati za magurudumu ninayo na 14 ya boliti kubwa ya katikati ninayo pia. Namba 10 imenipotea, aliye nayo aje nayo.